Shingo Iliyokazana Baada ya Kuanguka

SWALI: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 71. Wiki tatu zilizopita aliteleza bafuni akajigonga paji la uso. Zahanati walimpa dawa ya maumivu, na sasa anatembea na kupika kama kawaida, ila shingo imekazana, na kila anapoinuka kitandani hukishika kichwa kwa mikono miwili. Ndugu wanashauri tumpeleke kwa mtaalamu wa kairopraktiki (tiba ya kunyoosha mgongo na shingo kwa mikono) amnyooshe. Je, ni salama?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Tafadhali msimpeleke mama kunyooshwa shingo kabla hajapigwa picha. Kile ulichokitaja kwa kupita tu, kwamba hukishika kichwa kwa mikono miwili anapoinuka, ndicho kilichonitia wasiwasi kuliko yote, kwa maana mtu hufanya hivyo pale shingo inaposhindwa kukibeba kichwa, na mtaalamu anayemwona mgonjwa wa namna hiyo hana budi kushuku mvunjiko hata kama wiki kadhaa zimepita.

Shingo ina pingili 7. Ya pili ina kijino cha mfupa kinachochomoza juu na kuingia ndani ya pete ya pingili ya kwanza, na hapo ndipo kichwa hugeukia. Kwa wazee, ambao mifupa yao imedhoofika, kijino hicho huweza kuvunjika kwa kuteleza tu na kuanguka chini. Mgonjwa huendelea kutembea kwa sababu misuli ya shingo hujikaza na kupashikilia mahali palipovunjika. Tabibu asiyeuliza vya kutosha huipapasa misuli hiyo iliyokakamaa akaidhania kuwa ndiyo maradhi, ilhali ndiyo inayomlinda mgonjwa. Akiilegeza na kukizungusha kichwa kwa ghafla, mfupa unaweza kusogea na kuubana uti wa fahamu.

Mtaalamu makini wa kairopraktiki huuliza kwanza habari za kuanguka, ajali na ganzi, na akishuku hamgusi mgonjwa shingo, bali humwandikia barua ya kwenda hospitali. Kanuni ya Kanada ya kuwapima majeruhi wa shingo, iliyochapishwa mwaka 2001, huhesabu umri wa miaka 65 na kuendelea kuwa sababu tosha ya kupigwa picha. Ilitungwa kwa ajili ya majeruhi wa siku za mwanzo, lakini sioni sababu ya kulegeza tahadhari kwa mama ambaye hakupigwa picha tangu alipoanguka. Eksirei ya kawaida huweza kutoonyesha mvunjiko wa kijino, hivyo ombeni CT ya shingo, yaani picha ya kompyuta inayoonyesha mfupa kwa undani zaidi.

Mpelekeni leo, kwa gari wala si kwa bodaboda, na mtu yeyote asimkande. Akipata ganzi, udhaifu wa mikono au miguu, akishindwa kuzuia mkojo au akipumua kwa shida, msimwinue wenyewe, iteni ambulensi. Habari ya kairopraktiki isubiri hadi daktari wa mifupa aisome picha, na akiruhusu, nendeni na ripoti yake mkononi.