Kiraka cha jasho chabanduka, namba zapanda

SWALI: Nakimbia jioni huku Likoni na kiraka cha kupima chumvi ya jasho mkononi. Chabanduka upesi, na namba zapanda kila nikiongeza kasi. Je, mamangu mwenye kisukari aweza kutumia cha aina hii badala ya kudunga kidole?

JIBU: La, mama asiache glukomita, kile kipimo cha sukari kwa damu ya kidole. Sukari ya jasho ni takriban sehemu moja kwa mia ya ile ya damu, na uchafu kidogo wa ngozi watosha kuipotosha.

Namba kupanda si ubovu. Jasho likitoka kwa kasi, mirija ya tezi za jasho haiwahi kuirudisha sodiamu (madini ya chumvi) mwilini, basi nyingi hutoka. Zikiruka ghafla hali mwendo ni uleule, shuku kipovu cha hewa katika kimfereji cha kiraka kipitishacho jasho, au ukingo wake ulioinuka.

Gundi huharibiwa na mafuta (ya nazi hasa!) na jasho lililotangulia. Osha ngozi, futa kwa spiriti, ikauke kabisa. Bandika ungali ndani, mwili mkavu, ukandamize kingo. Kwa unyevu wa Mombasa, hatua hii usiiruke.

Kujua jasho ulilopoteza, mizani pia yasaidia; jipime kabla na baada ya kukimbia: kilo moja iliyopungua, ukijumlisha ulichokunywa, ni karibu lita moja ya jasho.