Tenki la kulia linakauka, la kushoto linamwagika: usimkate utingo hela bado

Nilimkata utingo wangu hela ya dizeli mara mbili kabla sijajua tatizo liko wapi, ndo maana naandika hii, usije ukafanya upuuzi kama wangu. Lori ni semi la matenki mawili, moja kila upande, ghafla geji ikaanza kushuka kama maji kwenye karai lililotoboka, safari niliyozoea kuimaliza na robo ikawa katikati ya njia taa inawaka. Akili ikaenda moja kwa moja kwenye wizi maana mi nikilala yeye ndo anabaki na lori. Kumbe floti ya geji (boya linaloelea na kupima mafuta) iko tenki la kulia peke yake, na mi miaka yote naisoma nikidhani inaniambia habari za matenki yote mawili.

Siku mambo yalipofichuka injini ilikohoa kwenye mlima mara mbili tatu ikanyamaza. Tenki la kulia, kavu. Nikazunguka kushoto nikitafuta hata lita chache za kuhamishia, nafungua mfuniko dizeli hii hapa, imefika shingoni, alafu ubavuni mwa tenki kuna utelezi na vumbi limegandia juu yake, yaani lilikua linamwagika siku nyingi na mi napita hapo kila asubuhi.

Sasa kwa nini injini inazima na mafuta yapo? Kwenye lori langu paipu mbili za kunyonya, moja ya kila tenki, zinakutana kwenye jointi ya T kabla ya filta. Tenki moja likikauka pampu haisemi ngoja nivute la pili, inavuta kilicho chepesi, na upepo ni mwepesi kuliko dizeli, kwa hiyo inameza upepo na lori linazima huku umebeba tenki zima limejaa. Na lile lingine linajaa kwa sababu ya ritani, yaani mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini. Injini nyingi za dizeli hazichomi mafuta yote zinayovuta, mengine yanarudi tenkini yakiwa yamepata moto. Langu linarudisha pande zote mbili. Kushoto likawa halitoi kitu ila nusu ya ritani linapokea, hesabu hiyo mwisho wake ni kumwagika.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote (mi nilishanunua fidi pampu, ile inayovuta mafuta kutoka tenkini, na filta, za zamani zote hazikua na kosa) ingia chini ya lori ufuate paipu kwa mkono. Malori hayafanani. Mengine yananyonya tenki moja tu na chini kuna paipu linalounganisha matenki ili yasawazike yenyewe, mengine ni kama langu, mengine yana valvu za kufunga kila upande. Ukiwa na lile paipu la chini angalia valvu zake ziko wazi na ujue kwamba hapo ndo uchafu na maji yanajikusanya, maji ni mazito kuliko dizeli, na kwenye baridi kali yanaganda humo humo paipu likafungwa kabisa.

Njia rahisi ya kujua ritani inaenda wapi ni kiganja. Ukishatembea masaa kadhaa simama, shika tenki moja, nenda kashike lingine. La ritani lina joto zaidi. Kama paipu zinaonyesha inarudi kote ila upande mmoja ni wa baridi kabisa, basi huko ritani haifiki.

Kisha mfuniko. Kila tenki lina tundu la kupumulia, mara nyingi liko hapo hapo mfunikoni au karibu yake, likizibwa na tope mafuta yakitoka hewa haiingii kujaza nafasi, na tenki linagoma kutoa. Watu wanadhani lazima lizibwe sana ndo shida itokee, hapana. Dizeli ikipishana sentimita 10 kati ya tenki na tenki hiyo ni presha isiyofika hata kilopaskali 1, wakati hewa ya kawaida inatukandamiza kwa karibu 101. Mtoto anayenyonya soda kwa mrija anavuta kwa nguvu kuzidi hiyo. Kwa hiyo kamvutano kadogo tu ndani ya tenki kanatosha kuliacha na mafuta huku mwenzake anaisha. Simama ukiwa umetembea, legeza mfuniko taratibu huku umetega sikio, ukisikia fsss umepata, safisha tundu uendelee na maisha. Mi nilitega sikio sikusikia kitu.

Nikaenda kwenye paipu yenyewe ya kushoto, na hapa ndo nilipotea wiki nzima. Nilifungua upande wa filta, nikaacha mfuniko wa tenki wazi, nikapulizia hewa ya kompresa kidogo sana kurudi tenkini (presha kubwa usithubutu, na moto au sigara viwe mbali), mafuta yakachemka ndani bwabwabwa, nikasema hii iko safi. Nikarudisha, nikatoa upepo kwa pampu ya mkono, nikaondoka, hadithi ikawa ile ile. Fundi mmoja mzee ndo aliniuliza swali la kuudhi, mafuta yanaelekea wapi, tenkini au kwenye injini? Nikamwambia kwenye injini. Akasema sasa mbona wewe umepima kwa kurudi nyuma.

Tukafunga pampu ya mkono pembeni, tukavuta kutoka kushoto peke yake kumwagia kwenye ndoo. Mipigo ya kwanza mafuta yalikuja, alafu pampu ikawa nzito na mafuta yakakata. Tukaacha kidogo, tukavuta tena, yakaja kidogo yakakata. Hosi ya raba ya hiyo paipu ya kushoto tukaipasua kwa kisu, nje iko mpya kabisa inang'aa, ndani ngozi yake ya raba imebanduka ikaning'inia kama ulimi. Ukipuliza kurudi ulimi unalala, hewa inapita, ukivuta kwenda mbele unanyanyuka unaziba. Ningeweza kupuliza mwaka mzima nisiione. Kwa hiyo paipu ya kunyonya ipime kwa kunyonya.

Kama umevuta na hosi iko sawa, basi chomoa mrija wa kunyonyea ulio ndani ya tenki. Chini unaweza kuwa na kitambaa, kipande cha plastiki, tope. Au una ufa katikati, na huo una dalili yake, lori linatembea vizuri tenki likiwa limejaa, mafuta yakishuka chini ya ufa linaanza kuvuta upepo, kila safari kwenye kiwango kile kile. Ukitaka kuhakikisha kama kuna upepo weka kipande cha hosi inayoonyesha ndani karibu na filta, mapovu utayaona mwenyewe. Ukiwa na valvu unaweza pia kufunga upande mmoja ukajaribu mwingine, ila angalia ritani, ukifunga tenki ambalo bado linarudishiwa mafuta litakujazia barabara dizeli.

Alafu usiwe na wasiwasi wa kila kitu. Barabara nyingi zimeinamia pembeni, ukipaki kwenye mteremko mafuta yanahama, na ukijaza upande mmoja tu lile paipu la chini ni jembamba, litachukua muda kusawazisha. Tofauti ya vidole viwili vitatu mi naiacha. Kama una paipu la chini, paki sehemu tambarare usiku, asubuhi pima, kama hayajakaribiana kuna kitu kimezibwa.

Tangu tubadilishe hosi, za pande zote mbili maana umri wao ni mmoja, napima kwa fimbo kila tukisimama, geji siiamini tena. Utingo nilimrudishia hela yake yote na kumuomba msamaha mbele ya fundi, akanicheka. Fimbo sasa anashika yeye, na kila akichomoa ananionyesha kwanza la kushoto.