Kabla hujabisha hodi kwa mwalimu wa ushauri

Mwaka niliokabidhiwa ofisi ya ushauri nasaha, hakuna aliyeniuliza kama naiweza. Mkuu wa shule alisoma majukumu kikaoni, akafika kwangu: "Madam wa Jiografia atashika unasihi." Basi. Nilipata semina ya siku mbili, vipindi vyangu havikupungua hata kimoja, na ofisi yenyewe ilikuwa kona ya stoo ya vitabu. Nakwambia haya wewe uliyeko bwenini unayejiuliza uende au usiende, ili ujue utakayemkuta. Utamkuta mwalimu aliyejifunza kusikiliza, tena mara nyingi kajifunzia kwenu. Daktari hayupo pale. Na kuna shule ambako mwalimu wa ushauri ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu, mchana ana fimbo, jioni ana pole. Huko tafuta mtu mwingine, awe matroni au mwalimu yeyote ambaye ukimwona moyo unatulia.

Wengi wanaokuja kwangu huanza na kichwa. "Madam, kichwa kinaniuma." Kapimwa malaria mara tatu, hana. Nikiuliza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, kwao nani anapika siku hizi, ndipo yanatoka. Kwa hiyo usihangaike kutafuta jina la ugonjwa, eti ni msongo au sonona. Sema hulali. Sema ugali haupiti. Ukishindwa kutamka, andika kwenye karatasi ya daftari unipe, nitasoma ukiwa umekaa hapohapo. Na usidhani ni wewe peke yako: Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Kwenye mkondo wa watu 56, hao ni wanane.

Kuna uwezekano mkubwa utahubiriwa. Walimu tuna ugonjwa huo. Umefika katikati ya habari yako, mtu ameshakwambia usali na ukazane na masomo. Sema tu, "Naomba nimalizie kwanza, madam." Si utovu wa adabu.

Sasa siri, maana hapo ndipo nilipoharibu. Binti wa kidato cha tatu alinieleza baba yake amehama nyumbani na mama halali, analia. Saa nne, wakati wa chai, nikaligusia kwa walimu wenzangu. Jina sikulitaja, nikajiona mjanja. Walimtambua kabla sijamaliza kikombe. Mchana uleule mmoja wao akampa pole mbele ya darasa zima. Hakurudi tena. Hadi anamaliza kidato cha nne alikuwa akinipa shikamoo yake kamili, na kupita.

Tangu hapo nawaambia wanafunzi waanze na swali: "Nikikwambia hili, nani mwingine atajua?" Mwalimu akibabaika, mpe nusu ya habari kwanza, umpime. Lakini anayekuahidi siri ya kila kitu naye anakudanganya. Ukiniambia unafikiria kujidhuru, sitanyamaza. Ukiniambia kuna mtu mzima anakufanyia ubaya, awe mjomba au mwalimu mwenzangu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya hapa Tanzania inanitaka nitoe taarifa, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Unachostahili ni kuambiwa kabla: ninakwenda kwa nani, nitasema nini, na wewe unataka nani awepo. Mara mbili nimekwenda na mwanafunzi kwa afisa ustawi wa jamii, tumepanda daladala moja, na njiani tuliongea habari za mpira.

Hospitali ndiyo inayowatisha. Ukitaja afya ya akili tu, bweni zima linacheka, "Mirembe hiyo!", yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Niliyempeleka hospitali ya mkoa alikaa kwenye benchi na watu wa kawaida kabisa, akaulizwa maswali, akapangiwa tarehe ya kurudi. Alirudi mara kadhaa. Kidato cha nne alifanya mtihani wake kama wengine.

Pia kuna 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, haihitaji salio. Simu shuleni hamruhusiwi, najua, ila matroni anayo, na likizo utakuwa nyumbani. Kwenye simu hiyo hakuna anayekujua, na kwa wengine hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Tena usije wakati wa chai, kila mtu anaona nani kaingia kwa madam. Njoo saa kumi, wenzako wakiwa uwanjani. Mlango wa stoo unakwama chini, usukume kwa bega.