Kabla hujapeleka seva zako kituoni hapa Dar, ulizia tarehe mbili

Karibu kila anayeniuliza aweke wapi seva zake, zile kompyuta zinazoendesha mifumo na tovuti, hapa Dar es Salaam huanza na bei ya raki, yaani kabati la chuma zinamofungwa seva. Si swali baya, ila lina zamu yake, na zamu yake ni mwishoni. Mimi nikikaa na muuzaji wa kituo cha data huwa nampa tarehe mbili, namwomba kumbukumbu za siku hizo, halafu nanyamaza nimsikilize.

Ya kwanza ni 1 Aprili 2024. Usiku ule gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Ya pili ni 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima kwa siku kadhaa. Sasa chukua kalenda. Ile ya kwanza ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, ya pili ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo unapouliza hauchunguzi mashine peke yake. Unataka kujua nani alikuwa zamu wakati wenzake wako Kibaha kwa wakwe, nani alipokea simu, na aliandika nini kwenye daftari. Kituo kinachojiamini kitakuonyesha: saa umeme ulipokata, sekunde jenereta lilizochukua kupokea mzigo, lita zilizotumika. Kile kingine kitakupa brosha.

Kwa asiyeijua biashara hii: seva ni mali yako, wao wanakukodisha nafasi, umeme, ubaridi, ulinzi na njia ya mtandao. Mimi nimekuwa nikisimamia mashine za namna hiyo kwa ajili ya SACCOS na maduka ya dawa, wateja ambao mfumo ukilala dakika tano tu simu yako inaanza kuita. Kama una seva moja yenye tovuti na barua pepe, usome tu kwa kujifunza. Kodi seva ya mtandaoni kwa mtu mwenye raki zake, utalala vizuri zaidi.

Tuanze na umeme, maana ndio unaokula hela.

Raki ya kawaida ina nafasi 42, na watu wengi huhesabu nafasi hizo kana kwamba ndizo wanazonunua. Nafasi ndiyo ya mwisho kuisha. Ampea ndizo zinazoisha kwanza. Ampea 16 kwa volti 230 ni wati 3,680, na kwa mzigo unaowaka usiku na mchana hutakiwi kuvuka asilimia 80 ya hapo, yaani wati 2,900 hivi. Muuzaji atakwambia raki yako ina njia mbili za umeme, A na B, kila moja ampea 16. Kichwani unajumlisha, unapata 32, unafurahi. Usijumlishe. Njia B ipo kwa ajili ya siku A itakapokufa, na siku hiyo mzigo wote unahamia kwake. Ukiwa umepakia wati 2,500 kila upande, A ikizima B inabebeshwa wati 5,000, sakiti breka inaruka, na raki nzima inalala ilhali umelipia njia mbili ili isilale. Mzigo wa A na B kwa pamoja ndio usiozidi zile 2,900. Seva yenye pawa saplai (kifaa cha ndani kinachopokea umeme) moja nayo ina kesi yake: njia mbili haziisaidii kitu mpaka uiwekee kifaa cha kuhamisha umeme chenyewe kutoka A kwenda B. Uliza kama wanacho au ununue mwenyewe.

Hesabu ya wati usiifanye kwa kusoma kibandiko cha pawa saplai. Iliyoandikwa 750 inaweza kuwa inakula 250 au 300 katika kazi za kawaida. Seva nyingi za Dell na HPE zinakuonyesha matumizi yake kupitia iDRAC au iLO, mifumo yao ya kusimamia seva kwa mbali. Ziache zifanye kazi ofisini wiki nzima, ukiwemo mwisho wa mwezi watu wanapofunga hesabu, kisha chukua kiwango cha juu kabisa. Ukisaini mkataba kwa namba ya kwenye kibandiko, unalipia umeme ambao hutautumia kamwe.

Halafu kuna namna ya kutoza. Kilowati moja inayowaka mfululizo hula uniti 730 hivi kwa mwezi. Lakini ubaridi, UPS (mashine ya betri inayoshika mzigo umeme ukikatika) na taa za jengo nazo zinakula. Kituo kikitumia uniti 1.7 kwa kila uniti moja inayofika kwenye seva, zile 730 zako zinakuwa 1,241. Wapo wanaotoza za seva tu kwa bei ya juu, wapo wanaotoza na za ubaridi kwa bei ya chini, na wapo wanaotoza ampea kwa mkupuo, utumie usitumie. Hakuna iliyo mbaya kwa asili, ila huwezi kulinganisha ankara mbili kabla ya kuzigeuza ziwe za aina moja. Wanunuzi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inachosha.

Jenereta sasa. Swali la “mna jenereta?” halina maana, kila mtu analo, hata saluni ya mtaani kwangu. Uliza tanki lina lita ngapi na zinatosha saa ngapi kwa mzigo wa leo, si mzigo wa siku kituo kilipofunguliwa raki zikiwa tupu. Uliza dizeli inaletwa na nani usiku wa sikukuu, na kama kuna mkataba ulioandikwa. Kisha uliza linajaribiwaje. Niliwahi kumuuliza fundi mmoja, kijana muungwana kabisa:

“Kaka, hili mnalipima kila lini?”

“Kila Ijumaa bosi, tunaliwasha dakika kumi.”

“Na mzigo?”

“Hapana, mzigo hatuhamishi, tunaogopa kusumbua wateja.”

Jenereta linalowashwa kila Ijumaa bila mzigo ni sawa na mchezaji wa benchi anayepasha misuli pembeni ya uwanja msimu mzima: unaona anatoka jasho, hujui kama ana dakika tisini. Tena kwa dizeli kuna hasara ya ziada, kwa sababu injini inayozunguka bila kazi haipati joto la kutosha, mafuta yasiyoungua yanajikusanya kwenye mfumo wa moshi, na uwezo wake unashuka. Kituo kinachoogopa kuhamisha mzigo mchana, mafundi wote wakiwepo, kitauhamishaje saa nane usiku?

Kati ya umeme kukatika na jenereta kushika kuna pengo, na pengo hilo hubebwa na betri za UPS. Betri za kawaida za risasi huishi miaka mitatu mpaka mitano, na joto ndilo adui yake: kanuni wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu. Kwa joto la Dar la Februari, chumba cha betri chenye kiyoyozi kibovu kinazila kimyakimya. Betri nyingi huwa na tarehe au namba ya kutengenezwa mwilini. Omba kuingia, inama, soma kwa macho yako. Wakikukatalia kwa sababu za usalama, omba picha.

Kuhusu ubaridi sina mengi. Kiwango kinachopendekezwa na ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ni nyuzi 18 mpaka 27, lakini ni kwa hewa inayoingia mbele ya seva, si kwenye kipimajoto cha ukutani karibu na mlango. Weka mkono mbele ya seva ya juu kabisa kwenye raki. Huko ndiko joto hukimbilia. Na kama jengo liko karibu na bahari, pita nje uangalie mashine za viyoyozi. Hewa ya chumvi inakula chuma, na kutu haijui kudanganya.

Neno “Tier III” utalisikia sana. Maana yake ni kwamba kifaa chochote kinaweza kufanyiwa matengenezo bila kuzima seva za wateja. Uptime Institute, ambao ndio wanaotoa vyeti hivyo, wana cheti cha michoro na wana cheti cha jengo lililokwisha kujengwa, na hivyo ni vitu viwili. Mchoro unaweza kuwa mzuri na fundi akajenga vingine. Uliza ni kipi walicho nacho. Ukiambiwa “tumejenga kwa kiwango cha Tier III”, elewa kwamba huenda hawana cheti.

Mahali penyewe usipachague kwa ramani ya Google. Nenda wakati wa masika, Machi mpaka Mei, siku ambayo Jangwani imefungwa kwa maji na mabasi ya mwendokasi yamesimama. Jengo linaweza kuwa kavu na barabara ya kulifikia ikawa mto, na lori la dizeli halina mabawa. Tazama pia jenereta na tanki vimekaa wapi. Seva ghorofa ya tatu na jenereta kwenye shimo la maegesho chini, hapo ujue aliyepanga hakuwahi kuona mvua ya hapa.

Mtandao ndio unaorudisha ile tarehe ya Mei. Siku zile kebo za Bahari ya Sham, njia yetu ya kaskazini, baadhi zilikuwa tayari zimeharibika tangu Februari, kwa hiyo njia ya kusini ilipokatika hatukubaki na pa kukimbilia pakubwa. Waliokuwa na seva Ulaya walikuwa gizani kabisa au wakitambaa. Lakini seva iliyoko Dar, iliyounganishwa na TIX, kituo ambako kampuni za intaneti za hapa hubadilishana trafiki bila kuipeleka ng'ambo, iliendelea kufikiwa na mteja wa Temeke au Tegeta. Hiyo ndiyo faida halisi ya kuweka mashine nyumbani, pamoja na kasi. Mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde, na njia ya kebo kwenda London inazidi kilomita 10,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 100 hata umlipe nani. Ndani ya Dar ni milisekunde chache tu.

Ila faida hiyo haiji yenyewe. Uliza kama kampuni yao ya intaneti imeungwa TIX kweli. Halafu kagua mfumo wako: nimeona mfumo uliokaa Dar ukagoma siku zile kwa sababu DNS yake (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) ilikuwa nje, na mwingine ukurasa wa kuingilia ulikuwa unasubiri fonti (muundo wa herufi) kutoka Marekani.

Uliza pia kama utaruhusiwa kuleta faiba ya kampuni unayoitaka. Dar tuna kituo cha Taifa cha Kijitonyama, NIDC, kilicho chini ya TTCL. Tuna Wingu Africa, ambao biashara yao imejengwa juu ya kutofungamana na kampuni moja ya mtandao. Na zipo kampuni za intaneti zinazokodisha raki ndani ya vyumba vyao. Hizi za mwisho mara nyingi huwa rahisi mwanzoni, lakini siku bei ya intaneti ikipanda utakuta huna pa kutokea, maana mwenye chumba na mwenye waya ni yule yule. Mimi ningelipa zaidi kidogo nibaki huru. Na uulize ada ya mwezi ya kuunganisha waya kutoka raki yako hadi ya kampuni ya intaneti. Waya wa mita chache unaweza kukutoza kila mwezi kama mpangaji.

Usiku nao una maswali yake. Kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, mlinzi aligoma kunifungulia kwa sababu barua ya kuingilia ilitakiwa saini ya meneja, na meneja simu yake imezimwa. Mlinzi alikuwa sahihi, utaratibu ndio uliokuwa mbovu. Diski mbovu niliyokuja kuibadilisha ikasubiri asubuhi. Tangu hapo nauliza orodha ya majina yenye ruhusa ya saa 24 inabadilishwaje, na mkono wa fundi wao kubonyeza kitufe au kubadilisha diski unagharimu shilingi ngapi mchana na ngapi usiku. Ukikaa Kimara au Mbagala, fundi wa zamu anayejua kazi ni bora kuliko wewe na foleni yako.

Kwenye mkataba, soma kwanza fidia. Ahadi ya huduma kuwepo asilimia 99.9 ya muda inaruhusu dakika 43 hivi za kulala kila mwezi, na ukivuka hapo kwa kawaida wanakupunguzia sehemu ya ada, hawakulipi mauzo ya duka la dawa yaliyopotea. Bei nazo zilizoeleka kuandikwa kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo jihadhari na kipengele kinachoifunga shilingi yako na kiwango cha dola kwa mlango wa nyuma.

Kama unatunza taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakuhusu hata seva ikiwa Kijitonyama. Kuweka hapa kunakupunguzia maswali ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, lakini nakala zako za akiba zikienda Ireland kila usiku, umeshasafirisha. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inataka ujisajili vilevile.

La mwisho kusoma ni namna ya kutoka. Notisi ya siku ngapi, nani anashuhudia vifaa vinavyobebwa, na je, wanaweza kuzuia seva zako mkiwa mnabishania ankara? Kipengele hicho huwa kwenye kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo. Omba kiandikwe kwamba diski zenye taarifa za wateja utaruhusiwa kuzitoa hata mgogoro wa malipo ukiendelea. Nimeshaona muuzaji akikubali bila ubishi, na nimeona mwingine akisema atarudi na jibu la mwanasheria wao, asirudi.