Upinde wa mvua visiwani: maswali yenu

Wasomaji wanaojiandaa kwa safari za visiwa vya joto wameuliza mengi kuhusu upinde wa mvua. Nimechukua matano.

Kisiwani mvua ilinyesha kila mchana, jua nalo likiwaka papo hapo, lakini sikuona upinde hata mmoja. Nina mkosi?

Mkosi huna, saa ndiyo iliyokuangusha. Upinde huonekana ukiwa umelipa jua mgongo, na hukaa nyuzi 42 kutoka pale kinapoangukia kivuli cha kichwa chako. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42, upinde wote huzama chini ya upeo wa macho, inyeshe isinyeshe. Na visiwa hivi jua lake hupanda upesi: kuanzia kama saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri mara nyingi liko juu mno. Huhitaji kipimo chochote, kivuli chako kinatosha. Kikiwa kifupi kuliko wewe, nenda kaogelee. Kikikuzidi urefu, na mvua iko upande kinakoelekea, tulia hapo hapo utazame.

Tunakwenda Hawaii. Tulale upande gani wa kisiwa?

Hawaii wanaujua upinde kiasi cha kuuchora kwenye vibao vya namba za magari. Siri yao ni upepo na milima. Pepo za biashara huvuma kutoka kaskazini-mashariki, hugonga milima, hupanda na kumwaga mvua. Rasharasha zinazobaki hupeperushwa hadi ng'ambo ya mlima, ambako mbingu iko wazi.

Kisiwani Oahu nenda bonde la Manoa, nyuma ya jiji la Honolulu, jioni. Jua linaingia kutoka magharibi, manyunyu yanateremka kutoka milima ya Koolau, nawe unalowa vitone vyembamba mikononi huku umesimama kwenye jua kali. Hapo geuka utazame mlimani. Asubuhi mambo hugeuka: afadhali uwe pwani ya mashariki, jua likitokea baharini nyuma yako na mvua ikiwa milimani mbele. Tena usilale sana. Usiku vilele vya mawingu hupoa wakati bahari chini bado ina joto, mawingu yakanenepa, na manyunyu ya alfajiri yakawa mengi.

Kama ni lazima uchague upande mmoja, mimi ningechagua ng'ambo ya mlima, lakini karibu na mlima wenyewe. Ukisogea hadi pwani kavu kabisa, jua utalipata tele na matone utayakosa.

Mke wangu aliuona upinde wazi kabisa. Mimi niko ubavuni mwake, naona vipande viwili tu pembeni. Inawezekana?

Ulikuwa umevaa miwani ya jua, sivyo? Miwani inayokata mng'ao wa maji huzuia mwanga unaotikisika kwa ulalo, na mwanga wa sehemu ya juu ya upinde ni wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kilele hufutika, miguu ikabaki. Vua miwani, na siku nyingine msadiki mkeo.

Nikae upande gani wa ndege tukiruka kati ya visiwa?

Upande usio na jua. Mvua ikiwa chini yenu unaweza kuuona upinde ukiwa duara kamili, kwa sababu ardhi haiukati tena. Ila kiduara kidogo cha rangi kinachozunguka kivuli cha ndege juu ya mawingu ni kitu kingine: hicho hutengenezwa na vitone vidogo mno vya wingu, si matone ya mvua. Kizuri, lakini usirudi nyumbani ukidai umeona upinde.

Je, usiku?

Upo, wa mwezi. Masharti ni yale yale: mwezi mgongoni, chini angani, mvua mbele. Uwe mpevu au karibu na hapo, na taa za mji ziwe mbali. Kwa macho utaona utepe mweupe tu, maana mwanga ni hafifu na macho gizani hayashiki rangi vizuri. Kamera huzishika: iweke juu ya kitu kisichotikisika, uache ipokee mwanga kwa sekunde kadhaa, na ufute lenzi kila mara, kwa kuwa mvua inayokuletea upinde haina adabu kwa vifaa.