Maswali na Majibu: Kupima Mtandao Ukiwa na Kivinjari Tu

Naingia mwaka wa mwisho chuoni, Mbeya. Nataka mradi wa kupima mitandao lakini nina kompyuta mpakato moja tu. Itawezekana?

Itawezekana, maana vipimo vyenyewe havifanyiki kwenye kompyuta yako. Fungua akaunti ya RIPE Atlas, mfumo ulioanzishwa mwaka 2010 na RIPE NCC ya Amsterdam, shirika linalogawa anwani za intaneti Ulaya na maeneo jirani. Watu wa kujitolea duniani kote wamechomeka vifaa vidogo vya kupimia kwenye ruta zao, na vifaa hivyo sasa vinazidi 10,000. Kwenye kivinjari unachagua aina ya kipimo, unataja seva unayoilenga, unachagua vifaa kwa nchi au kwa mtandao, kisha unasoma majibu kwenye ramani na grafu.

Ushauri wangu: kabla hujapima chochote, soma vilivyokwisha kupimwa. Vifaa hivyo hupima usiku na mchana seva za mizizi za DNS, yaani seva za ngazi ya juu kabisa za mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na matokeo huhifadhiwa wazi. Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, inayobeba intaneti ya Afrika Mashariki, ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Chukua data ya wiki hiyo uone mtandao upi uliteseka na upi ulihamia njia nyingine upesi. Huo ni mradi tosha, na nchi inauhitaji.

Krediti za kulipia vipimo zinapatikanaje?

Kwa kutunza kifaa: kikiwa hewani siku nzima kinakuingizia 21,600. Pingi (kipimo cha muda wa kwenda na kurudi) ya pakiti tatu, yaani vipande vitatu vya data, hula krediti 3, kipimo cha njia (traceroute, kinachoorodhesha ruta ambazo pakiti hupitia) hula 30, na kipimo cha mara moja hutozwa maradufu. Asiye na kifaa anaweza kuhamishiwa na mwenye nazo.

Nimepima njia kutoka Dar es Salaam hadi seva iliyoko Nairobi. Ramani imechora mstari hadi London. Niiamini? (Fundi wa mtandao, Arusha)

Isome kwanza pamoja na milisekunde ambazo kila kituo, yaani kila ruta njiani, kimechukua kujibu. Ramani hukisia mahali ruta ilipo kwa anwani yake ya IP, na anwani iliyosajiliwa Uingereza inaweza kuwa kwenye ruta iliyoko Dar. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi London, hata kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 7,500, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 75. Kituo kilichochorwa London kikijibu kwa milisekunde 12, hakiko London.

Kikijibu kwa 160, na vituo vyote vinavyofuata vikabaki juu vivyo hivyo, basi pakiti zako huenda kweli zimekwenda Ulaya na kurudi, ilhali Nairobi haifiki kilomita 700 kutoka Dar kwa mstari ulionyooka. Hili linaniuma kila nikiliona. Mara nyingi chanzo ni kampuni mbili ambazo hazijaunganishwa huku kwetu, iwe pale TIX ya Tanzania au KIXP ya Kenya (vituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana data) au kwa kiungo cha moja kwa moja, zikaishia kukutana ng'ambo. Pima pia kutoka Nairobi kuja Dar, kwa sababu njia ya kurudi yaweza kuwa nyingine kabisa, halafu wapelekee wahandisi wa pande zote mbili matokeo yote mawili.

Kituo kimoja katikati kinaonyesha milisekunde 300, vinavyofuata 20. Kuna hitilafu?

Hapana. Ruta hiyo imechelewa kukujibu wewe tu; kazi yake ya kwanza ni kupitisha pakiti. Angalia kituo cha mwisho.

Kijana wetu anataka kuchomeka kifaa hicho ofisini, Mombasa. Kitaona tunayoyafanya? Kitamaliza bando?

Hakisikilizi mawasiliano yenu. Hutuma vipimo vyake na kupokea majibu yake. La kufikiria ni bando. Kikitumia wastani wa kilobiti 4 kwa sekunde, kwa mwezi ni kama GB 1.3. Kwenye laini isiyo na kikomo, mruhusuni. Kama ofisi inaendeshwa kwa modemu ya bando la wiki, asubiri kwanza.