Kuta za mawe na chokaa zisipigwe lipu ya saruji

Ndugu, umeuliza kama jengo kongwe la chuo chenu, lililopo Mji Mkongwe wa Zanzibar, linaweza kupigwa lipu ya saruji ili kazi imalizike kabla ya muhula mpya. Nakusihi msifanye hivyo.

Kuta hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hupitisha unyevunyevu ndani na nje, na saruji inapozifunika, maji hubaki ndani yakikusanya chumvi, hadi lipu inapovimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kagueni hasa vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, kwa kuwa huoza pale kwanza, pasipoonekana, na sakafu nzima huvitegemea. Gongeni lipu iliyopo kwa nyundo ndogo. Inapolia kama mtungi mtupu, ibandueni, kisha mpige chokaa iliyolowekwa vizuri, kwa matabaka membamba, kila moja likinyunyiziwa maji lisikauke upesi.

Mji huo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo ombeni kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa chochote, hata kama muhula utawakuta bado kazini.